Kamba ya nanga kwenye boti ndogo: ndoo, rili, mfuko au chumba cha omoni?

Boti za Nairobi hulala juu ya magurudumu. Ukipita Lang'ata, Karen au hata Syokimau utaziona nyuma ya malango, zimefunikwa turubai, zikingoja wikendi ya kuvutwa hadi Naivasha au likizo ndefu ya kushushwa Kilifi. Nyingi ni boti za faiba za mita 4 hadi 6 zenye injini moja nyuma, na chache ni mashua ndogo za tanga. Hazina sitaha ya maana wala baharia wa kuajiriwa. Aghalabu nanga imetupwa chini ya kiti, na kamba yake bado imefungwa kwa uzi wa dukani, vilevile ilivyonunuliwa.

Ulinganisho huu ni wa wenye boti hizo. Ushauri mwingi kuhusu nanga hutoka kwa watu ambao vyombo vyao vinalala majini mwaka mzima, na kwao unafaa sana. Boti zetu zina maisha mengine. Kamba inakaa stoo siku nyingi kuliko inavyokaa majini, inarushwarushwa na mashimo ya barabara, inafanya kazi saa mbili tatu, inarudi nyumbani imelowa. Na anayeishika siku hiyo huenda ni shemeji aliyekuja kula samaki tu.

Kwa hiyo kila njia ya kuihifadhi naiuliza mambo manne. Ikitakiwa ghafla, inatoka bila kujifunga? Inakauka? Inatulia safarini? Na huyo shemeji anaweza kuirudisha mahali pake bila kufundishwa nusu saa? Jibu langu nalitoa mapema: kwa boti iliyo wazi, ya chini ya mita 6, ndoo au kreti inashinda zote. Lakini haimfai kila mtu, na kuna hali ambazo ningekushauri uiache.

Kwanza, ni kamba ndefu kiasi gani?

Kabla ya kuchagua chombo cha kuwekea, jua unaweka nini. Kipimo cha kawaida ni kutoa kamba mara 5 hadi 7 ya kina, na kina hapa huhesabiwa kutoka pale kamba inapotokea omoni, yaani mbele ya boti, si kutoka usoni pa maji. Nanga hushika chini ikivutwa kwa kulala. Ikivutwa kwa juu inang'oka, na ndivyo unavyofanya kwa makusudi wakati wa kuondoka.

Naivasha ni ziwa la kina kifupi. Mahali pengi ambapo mtu angependa kutia nanga na kuvua pana mita 3 hadi 6, na hakuna maji kujaa na kupwa. Chukua mita 4, ongeza nusu mita ya urefu wa omo, zidisha kwa 7: mita 31 na nusu. Kamba ya mita 40 inatosha na kubaki. Upande wa Crescent Island ndio wenye kina kirefu zaidi, kwa sababu pale ni kreta iliyojaa maji, na ukitaka kusimama katikati yake hesabu hii haitakusaidia.

Pwani ni habari nyingine. Kilifi, Mtwapa au Mombasa, wakati wa bamvua, yaani siku za maji makuu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukitia nanga penye mita 4 maji yamekupwa, baada ya saa sita uko juu ya mita 7 na boti haijasogea. Ongeza nusu mita ya omo, zidisha kwa 7, unapata mita 52 na nusu. Anayekwenda pwani anunue mita 60 na asibishane na muuzaji.

Mbele ya kamba kuna mnyororo. Kwa boti hizi, mnyororo wenye urefu sawa na boti ni kipimo kizuri. Wa milimita 6 una uzito wa gramu 800 hivi kwa mita. Wa milimita 8 hufika kilo 1.4. Mita 5 za huo mnene ni kilo 7, na lazima zipate pa kukaa, jambo ambalo wauzaji wa vifaa vya kuhifadhia kamba huwa hawalitaji.

Ndoo dhidi ya rili

Hawa ndio washindani wakuu, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Ndoo ninayoisema ni ile ya lita 20 iliyokuja na rangi ya ukuta. Pasha msumari wa inchi 6 motoni, toboa chini yake matundu mengi, kisha toboa mengine mawili ubavuni, karibu na chini. Kile kishikio cha waya kitoe kabisa maana kitashika kutu kabla ya kitu kingine chochote, uweke kipande cha kamba. Sasa chukua ncha ya nyuma ya kamba ya nanga, ipitishe kutoka ndani kwenda nje kupitia tundu la ubavuni, uifunge kwenye boti. Hilo ndilo la kwanza, kabla hata ya kugusa nanga. Kamba nzima ikiisha na ncha haijafungwa popote, utabaki unaitazama ikizama.

Halafu unamwaga. Hupangi duara wala hukunji. Kamba inavyokuja kutoka majini unaisukumiza ndani mkono kwa mkono, inakaa itakavyo. Kwa macho ni fujo, lakini ni fujo yenye mpangilio: kila pindi limelala juu ya lililotangulia, hakuna lililopita chini ya jingine, na la mwisho kuingia ndilo la kwanza kutoka. Mnyororo unaingia mwisho, unakaa juu ya kamba, na nanga inakaa juu ya mnyororo au inaning'inia ukingoni. Siku ya kutia nanga vyote vinatoka kwa utaratibu uleule, kinyume chake. Wavuvi wengi wa pwani wanaotumia kamba za mkono hufanya hivyo hivyo kwenye beseni au sakafuni mwa dau, na ni nadra kumwona mmoja wao akipoteza muda kukunja kamba ambayo ataimwaga tena baada ya dakika kumi.

Ndoo hiyo inameza mita 40 hadi 50 za kamba ya milimita 10 na kubakiza nafasi ya mnyororo mfupi. Kamba ya milimita 12 huijaza kwa mita 30 hivi. Kwa hiyo mtu wa Naivasha yuko sawa na ndoo moja, lakini mtu wa pwani mwenye mita 60 atahitaji kreti kubwa ya plastiki, kama zile za nyanya pale Marikiti, au pipa lililokatwa nusu. Kreti ina kitako kipana, haipinduki kirahisi, na inakauka vizuri kuliko ndoo. Shida yake ni matundu ya ubavuni: pindi la kamba likichungulia nje, litanasa kwenye chochote kilicho karibu, na kwenye boti ya uvuvi kilicho karibu ni ndoana. Zungushia ndani ya kreti kipande cha turubai, acha chini wazi.

Adui wa ndoo ni kupinduka. Ikipinduka, usizoe kamba kwa mikono miwili na kuirudisha kwa mkupuo. Hapo ndipo mafundo yanapozaliwa. Tafuta ncha, anza upya. Na isipofungwa itapinduka, kama si kwa wimbi basi kwa matuta ya barabarani. Ifunge kwenye mguu wa kiti kwa mpira wa tyubu, ule wanaofungia mizigo ya boda. Unabana na unafunguka kwa mkono mmoja.

Rili ndiyo inayopendeza machoni. Ziko za aina tatu mjini: za mpira wa maji ya bustani, za kebo za umeme, na zile unazoweza kumwagiza fundi wa jua kali Kamukunji akuchomelee kwa mabomba na bati nene. Zote zina sifa za kweli. Kamba ndefu inakaa mahali padogo, haipinduki, na ukiangalia tu unajua imebaki kiasi gani. Mgeni akiiona anaelewa la kufanya: zungusha mkono.

Matatizo huanza nanga inaposhuka. Uzito unavuta, gurudumu linashika kasi, nanga inafika chini na kutulia, lakini gurudumu bado linazunguka. Kamba iliyolegea inamwagika ndani ya rili, mapindi yanaingiliana, na sasa una fundo ambalo haliwezi kufunguliwa mpaka uivute nanga juu tena. Dawa ni kulishika gurudumu kwa kiganja muda wote, ambayo ina maana mkono mmoja uko kwenye rili na mmoja kwenye kamba, na hakuna wa kushikia boti.

La pili ni kwamba kamba iliyozungushwa huku inavutwa na uzito hujizika katikati ya tabaka za chini. Siku inayofuata ukiivuta, inagoma ghafla katikati ya safari yake kwenda chini.

La tatu ni unyevu. Kamba iliyokazwa kwenye rili ikiwa imelowa ni sawa na nguo mbichi iliyokunjwa kabatini: juu imekauka, ndani inanuka. Kwa boti inayotumika kila siku si hoja, maana kamba hulowa tena kabla haijaoza. Kwa boti inayorudi Nairobi na kusahaulika hadi sikukuu ijayo, hiyo ni hoja kubwa.

La nne huwachekesha walionunua rili tayari. Mnyororo haukai kwenye rili ya plastiki. Ukiuzungusha unakata kingo zake, ukiuacha nje unakwaruza faiba. Kwa hiyo unautafutia ndoo. Sasa una rili na ndoo.

Kuna mahali nitaitetea rili bila kusita, nako ni kwenye kamba ya pili. Ukiwa umetia nanga mbele na unataka kuizuia tezi, yaani nyuma ya boti, isizunguke, au kufunga kamba ufukweni, hapo hakuna uzito unaoanguka. Unaitoa polepole, kwa kuivuta wewe mwenyewe, na rili inafanya kazi nzuri. Utepe bapa wa poliesta unafaa huko kuliko kamba ya mviringo, kwani unajipanga wenyewe na haujiziki sana. Lakini rili ifungwe kwa boliti zenye bamba nyuma ya faiba, na mvuto wa boti usiachiwe rili hata dakika moja. Mvuto ni wa kile kichuma cha pembe mbili cha kufungia kamba.

Mfuko, kwa anayeishi orofani

Kuna watu ambao hawana ua wa kuegeshea boti. Wana kayaki iliyohifadhiwa kwa rafiki Naivasha, au boti ya kupulizwa iliyokunjwa, na vifaa vyote viko kwenye fleti ya ghorofa ya nne Kilimani. Ndoo ya matope kwenye lifti si jambo la kuwaambia majirani. Hawa ni watu wa mfuko.

Kanuni ni ileile ya kumwaga, ila ndani ya kitambaa. Uzuri wa mfuko ni kwamba unabebeka begani, unaning'inizwa ukauke na kamba ikiwa ndani, na ukiwa mtupu hauchukui nafasi. Ubaya wake ni mdomo. Mfuko laini hujifunga mdomo wakati mikono yako miwili iko kwenye kamba iliyolowa, na unajikuta unaushikilia kwa meno. Shona kipande cha mpira mgumu wa maji kuzunguka mdomo, uwe duara lisilolala. Kwa fundi cherehani hiyo ni kazi ndogo, na inaubadilisha mfuko kabisa.

Gunia la neti la vitunguu watu hulitumia, nami naelewa kwa nini: linapitisha maji na hewa kuliko kitu chochote, na ni la bure. Ila nyuzi zake hukatika zikiguswa na mnyororo, na vipande vinaishia ziwani. Afadhali mfuko wa neti nene wa kubebea mipira, ambao Gikomba hautakosa ukitafuta kwa subira. Mnyororo wa kayaki ni mita moja au mbili tu, kwa hiyo unaingia humo humo bila shida. Nanga ndogo ya kukunja makucha ivalishe soksi ya tyubu ya pikipiki kabla haijaingia, la sivyo makucha yatafunguka ndani na kuyavuta mapindi yote kwa pamoja.

Kwa boti ya mita 5 yenye mnyororo wa milimita 8 mfuko haufai. Kilo zile zinaushusha, unalala ubavu, na kilichokuwa kimepangika kinajichanganya.

Kukunja duara na kutundika

Kamba iliyokunjwa vizuri, mapindi sawasawa, kichwa kimefungwa, inaonekana ya mtu anayejua kazi yake. Nayo inafaa sana ukutani kwenye stoo.

Kwenye boti naiweka ya mwisho. Kila duara unalokunja linaitia kamba msokoto mmoja. Kamba ya kusokotwa ya nyuzi tatu huvumilia kama ukikunja kuelekea inakokwenda mishale ya saa, kwa sababu nyingi husokotwa upande huo. Ile ya kusukwa haina upande, kwa hiyo kila duara ni deni. Ukiitupa majini, madeni yote yanadai kwa wakati mmoja, na kamba inashuka ikiwa na namba nane nyingi zilizobanana. Anayesisitiza kukunja akunje kwa umbo la nane, msokoto wa kulia ufutwe na wa kushoto. Bado atakuwa na kazi moja zaidi ya mwenye ndoo: kuifungua kabla ya kuitumia. Naivasha asubuhi maji ni shwari, hakuna tatizo. Mchana upepo unapoamka na boti inasukumwa kuelekea kwenye mafunjo, wanakopenda kukaa viboko, hutaki kuwa unafungua chochote.

Chumba cha omoni

Boti yako ikiwa na kisanduku omoni kilichojengwa kiwandani, chenye tundu la kutolea maji nje, kitumie. Uzito uko chini, kamba haionekani, jua haliigusi. Kagua mambo mawili tu. Kwanza kina chake, kwa sababu mnyororo unaoanguka mahali pafupi hujirundika ukawa mlima, mlima unapomoka, na pingili za juu zinaishia chini ya nyingine. Pili lile tundu: matope ya Naivasha huliziba, na kisanduku kinageuka tangi. Kama boti haikuja na chumba hicho, sioni sababu ya kukijenga kwenye boti ya mita 5. Kilo 15 au 20 za nanga, mnyororo na maji pale mbele kabisa zinaiinamisha omo, na kwa mashua ndogo ya tanga utalisikia hilo kwenye usukani.

Kamba gani inakubali kumwagwa

Njia ya kuhifadhi na aina ya kamba huchaguliwa pamoja. Nailoni ya nyuzi tatu ndiyo kamba ya nanga: inanyumbuka, kwa hiyo mawimbi hayainyakui nanga, na inazama. Ikizeeka inakuwa ngumu na haikai vizuri ndooni. Nailoni ya kusukwa ni laini zaidi, inajaa ndoo vizuri na haimchomi mtu mikono, ila hunaswa na matumbawe na kutoka vinyweleo mapema. Poliesta inavumilia jua na msuguano lakini hainyumbuki sana, kwa hiyo ni nzuri kwa ile kamba ya pili ya kwenye rili.

Ile ya plastiki ya rangi ya buluu au manjano, polipropilini, ndiyo rahisi na ndiyo iliyojaa madukani. Inaelea. Kwa kamba ya nanga hiyo si sifa: sehemu iliyolegea inakaa usoni pa maji ikingoja propela, yako au ya mwenzako. Fundo lake huteleza. Jua linaila mpaka ikawa unga mkononi, na jua la huku juu, Nairobi ikiwa kwenye mita 1,700 hivi na Naivasha karibu 1,900, ni kali kuliko la pwani kwa miale hiyo inayoharibu plastiki. Katani yetu ya Kenya ni kamba nzuri mikononi, lakini imwage ndooni ikiwa mbichi uone mwezi ujao.

Kukausha

Mwezi wa Julai Nairobi nguo haikauki siku mbili, sembuse mita 50 za nailoni. Kamba ya Naivasha hurudi na matope laini na mizizi myeusi ya magugumaji, ile yenye vinyweleo kama ndevu, na hata konokono wadogo. Usiiweke stoo hivyo. Ioshe kwa mpira wa maji ikiwa ndani ya ndoo au kreti, maji yatoke kwa matundu ya chini mpaka yawe meupe. Ya pwani ioshe hata kama inaonekana safi, maana chumvi ikikauka huwa chembe zinazosaga nyuzi kutoka ndani.

Baada ya hapo kreti inamshinda kila mwenzake: iinue juu ya matofali mawili kwenye kivuli chenye upepo, uiache. Ndoo inahitaji kamba itolewe na kuanikwa kwenye kamba ya nguo barazani. Usiitandaze juu ya mabati. Itakauka haraka, ndiyo, lakini joto na jua vitaifanyia kazi ya miaka. Na stooni iwe na mfuniko wa wavu, kwa sababu panya wa Nairobi hawabagui, na kamba iliyonusa samaki kwao ni mwaliko.

Mikono pale omoni

Hapa tofauti ya ndoo na rili hujionyesha kwa vitendo. Mwenye ndoo anaiweka miguuni, ndani ya boti, anashusha nanga taratibu kwa mikono miwili. Harushi. Nanga ikirushwa, mnyororo unaangukia juu ya makucha na kuyazonga. Ikigusa chini, anaiacha boti irudi nyuma na upepo, akitoa kamba kidogo kidogo, akihesabu. Alama ziwe kila mita 5: nyuzi za rangi zilizoshonwa ndani ya kamba, au vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya vilivyokatwa mkia. Asiye na alama ahesabu kwa pima, mikono ikinyooshwa, ambayo kwa mtu mzima ni karibu mita 1.8. Pima kumi na saba ni mita 30.

Urefu ukitosha, kamba inafungwa kwenye kichuma cha omoni. Omoni, si kando ya injini. Boti iliyofungwa nanga nyuma inapokea mawimbi pale ilipo fupi na nzito zaidi, na boti ndogo hujaa maji hivyo.

Kamba isizungushwe mkononi hata mara moja, na mguu usiwe ndani ya pindi. Kwa ndoo hili ni rahisi kwa sababu mapindi yote yako ndani. Kamba iliyokunjwa na kuachwa sakafuni ndiyo inayokamata kifundo cha mguu. Ukiwa na watoto botini hoja hii pekee inatosha kuchagua ndoo.

Wakati wa kung'oa, vuta mpaka boti iwe juu ya nanga kabisa, funga, subiri wimbi liinue omo. Ikigoma Naivasha, huenda imeshika migunga iliyozama. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 yalifunika ufuko mpana pamoja na miti yake, na vigogo bado viko, vingine vinaonekana, vingine havionekani. Kwa hiyo karibu na ufuko ningependa kila nanga iwe na kamba nyembamba ya pili iliyofungwa kitakoni mwake, upande wa makucha, na boya juu. Ukiivuta hiyo, nanga inatoka kinyumenyume. Ihifadhi peke yake kwenye mfuko mdogo; ukiichanganya na kamba kubwa ndooni umeanzisha ugomvi.

Magugumaji ni tishio jingine la ziwa hilo. Kisiwa kizima cha mimea kinakuja na upepo wa mchana, kinaegemea kamba yako, na uzito wake hauvutiki. Hapo njia ni kuiacha nanga. Ndiyo maana ile ncha ya nyuma, iliyopita kwenye tundu la ndoo, haifungwi kwenye boti kwa shakeli, ile pingu ya chuma, bali kwa mizunguko kadhaa ya uzi mwembamba imara, unaoweza kukatwa kwa kisu mara moja kamba ikiwa imekazwa. Funga kwenye ncha hiyo mtungi mtupu wa mafuta ya kupikia wa lita 5, kifuniko kikiwa kimekazwa, uwe boya. Kata, toa kamba yote, ondoka, urudi kuufuata magugu yakishapita. Andika namba yako ya simu kwenye mtungi kwa rangi isiyofutika, maana wavuvi wakiuokota kabla yako watataka kujua wampigie nani.